Je, Ushabiki wa Mpira ni Haramu? Somo Kutoka Fainali ya Kigoma



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Wabaadu.

Ndugu zangu, katika darsa yetu ya Ijumaa usiku ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza aliuliza swali lililowachekesha watu kwanza, kisha likawanyamazisha. Aliuliza: "Je, ni haramu kushabikia timu?" Tulicheka kwa sababu kila mmoja wetu ana timu yake. Tukanyamaza kwa sababu wiki ile bwenini kulikuwa na ndugu wawili, wanaosali safu moja, ambao hawakuwa wakiamkiana kwa ajili ya Bullets na Wanderers. Amiri wa darsa akaniomba niandae jibu, kwa kuwa mimi nasoma masomo ya Kiislamu.

Nimeliandaa. Lakini sitaweza kuliandika kama mtu aliyesimama pembeni ya uwanja. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe kabla sijalisoma kitabuni, na nilikuwa upande wa mkosaji. Kwa hiyo nitaanza na kisa, kisha tuingie kwenye dalili.

Siku ya fainali

Jumapili ya tarehe 25 Julai 2021, Simba na Yanga walikutana katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma. Kwa asiyezijua timu hizi: Yanga ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935, na Simba ikafuata mwaka 1936, ikiitwa majina mengine kabla ya kuchukua jina la Simba mwaka 1971. Wote ni watoto wa Kariakoo. Upinzani wao ni mkubwa kuliko ule wa Bullets na Wanderers wa Blantyre, na haukomei Tanzania. Unafika Bujumbura, Uvira, na unafika kwetu kambini Dzaleka, wilaya ya Dowa, kilomita 40 na kitu kutoka hapa Lilongwe, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya msikitini.

Kwa familia yetu fainali ile ilikuwa na jambo zaidi. Kigoma si jina la uwanja tu. Baba yangu alitoka Fizi akavuka Ziwa Tanganyika usiku, na ardhi ya kwanza aliyoikanyaga akiwa mkimbizi ilikuwa ya Kigoma. Kutoka huko ndipo safari yetu ikaendelea hadi Karonga, na mwisho Dzaleka. Siku ile baba alikuja kutazama ufukwe kwenye televisheni, si mpira. Aliondoka mapema alipoona hawauonyeshi.

Nilikuwa nasoma kidato cha nne. Ilikuwa siku chache tu baada ya Idi ya kuchinja, na ulikuwa wakati wa Korona ambapo hatukutakiwa kubanana, lakini kibanda cha video kilijaa hadi watu wakakaa madirishani. Nilikuwa Simba. Kando yangu alikaa rafiki yangu wa madrasa, Mrundi, tuliyehifadhi naye juzuu amma pamoja. Yeye alikuwa Yanga, na sababu yake ilikuwa moja: msimu ule Yanga walikuwa na Saido Ntibazonkiza, Mrundi mwenzake. Miguuni pake alikaa mdogo wake wa miaka tisa, aliyezaliwa hapo hapo Dzaleka.

Maneno yalianza kabla ya mpira. Wiki tatu nyuma, tarehe 3 Julai, Yanga walikuwa wamewafunga Simba 1-0 kwenye ligi, na rafiki yangu alikuwa hajaniacha nipumue tangu siku hiyo. Adhana ya Alasiri ilitukuta ndani. Nakumbuka tuliisikia. Nakumbuka pia kwamba hakuna aliyeinuka, na kwamba mtu mmoja aliongeza sauti ya televisheni. Kabla ya mapumziko Mukoko Tonombe wa Yanga akapewa kadi nyekundu. Mukoko ni Mkongomani, mtu wa kwetu, na mimi nilishangilia kutolewa kwake. Ushabiki una mambo yake.

Zikiwa zimebaki dakika kumi hivi ikapigwa kona, na Taddeo Lwanga, Mganda wa Simba, akaupiga kwa kichwa. Simba 1, Yanga 0, na hivyo ndivyo ilivyokwisha. Mimi niliruka, nikamgeukia rafiki yangu, nikampigia kelele usoni. Maneno ya kwanza yalikuwa ya mpira. Ya pili yalikuwa ya kadi nyekundu. Ya tatu hayakuhusu mpira kabisa. Nilisema: "Mrundi, rudi kwenu!"

Watu walicheka. Yeye hakujibu. Alimshika mdogo wake mkono wakatoka.

Wasomaji ambao hawajaishi kambini wataona ni utani mkali tu. Lakini kwa mkimbizi maneno yale ni kitisho. Ndiyo maneno yanayomkosesha usingizi kila zinapovuma habari za watu kurudishwa. Na aliyeyatamka alikuwa mkimbizi mwenzake, asiye na "kwetu" zaidi yake.

Mchezo wenyewe una hukumu gani?

Tukirudi kwenye swali la ndugu yetu, ni lazima tutenganishe mambo mawili: mchezo, na kinachofanyika kwa jina la mchezo.

Mchezo wenyewe hauna tatizo katika asili yake. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (R.A.), mara ya kwanza Bi Aisha akashinda, na baada ya muda Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kwamba ile imelipa ile ya kwanza. Katika Bukhari na Muslim tunasoma kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini, na Mtume akamsitiri Bi Aisha huku akitazama mpaka akatosheka mwenyewe. Angalieni: huyu ni mtazamaji wa mchezo, naye hakukemewa. Na Ibn Umar (R.A.) anasimulia jinsi Mtume alivyoendesha mashindano ya farasi, kuanzia al-Hafya hadi Thaniyyatul-Wadaa kwa farasi waliotayarishwa, na umbali mfupi zaidi kwa wasiotayarishwa, na kwamba yeye Ibn Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Kwa hiyo kucheza, kushindana, kutazama, hata kufurahia ushindi, yote yana msingi. Lakini mwenye swali aliuliza kuhusu kushabikia. Je, mtu anaweza kuwa na upande?

Wapiga mishale wa Aslam

Hapa kuna hadithi ambayo naona kila mpenzi wa mpira angefaa kuijua. Imo katika Sahih al-Bukhari, kutoka kwa Salama bin al-Akwa (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga mishale, makundi mawili. Akawahimiza wapige, akawakumbusha kwamba baba yao Ismail alikuwa mpiga mishale, kisha akasema kwamba yeye yuko pamoja na kundi fulani.

Kundi la pili likasimamisha mikono. Mtume akawauliza kwa nini hawapigi. Wakasema: tutapigaje nawe uko pamoja nao? Akawaambia wapige, naye yuko pamoja nao wote.

Tuitazame vizuri hadithi hii kwa mafunzo matatu.

La kwanza: Mtume (S.A.W.) alitaja upande, na haikuwa dhambi. Kuwa na timu moyoni, kama unavyopenda mtaa wako au chakula cha kwenu, si haramu.

La pili: wale waliosimamisha mikono hawakutukana wala hawakuwaonea wenzao kijicho. Walikuwa na adabu. Waliona kwamba kushindana na upande alioko Mtume si jambo lao. Walijua kuna kitu kikubwa kuliko ushindi.

La tatu, na ndilo kubwa: Mtume alipoona upande aliouchukua umewaumiza wengine na umesimamisha mchezo, aliuacha mara moja. Hakusema "mna nini nyinyi, huu ni mchezo tu." Alipanua: niko pamoja nanyi nyote. Basi kipimo cha ushabiki wa halali kimo humu. Ni ule ambao unaweza kuuweka chini pale unapoona unamvunja moyo ndugu yako. Ukishindwa kuuweka chini, basi si wewe unayeushika, ni wenyewe unaokushika.

Kule kibandani mimi nilimwona rafiki yangu akivunjika, na badala ya kuuweka chini nikauinua juu zaidi.

Kisimani Muraysi

Kuna kisa cha pili ambacho kinaonyesha upande mwingine. Kimo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.), na wanahistoria wa sira wanakiweka katika msafara wa Bani Mustaliq, penye maji ya Muraysi. Mtu mmoja katika Muhajirina alimpiga teke la nyuma mtu mmoja katika Ansari. Jambo dogo, la msongamano wa watu wenye kiu. Ansari akapaza sauti kuwaita Ansari. Muhajir naye akapaza sauti kuwaita Muhajirina. Mtume (S.A.W.) akasikia, akauliza: mwito huu wa kijahilia una nini? Alipoelezwa, akawaamuru waiache, kwa sababu inanuka.

Nilipoisoma hadithi hii kwa mara ya kwanza darasani nilishangaa kwa jambo moja. Majina "Muhajirina" na "Ansari" si ya kijahilia hata kidogo. Mwenyezi Mungu mwenyewe ameyataja kwa sifa katika Sura at-Tawba, aya ya 100. Muhajirina ni waliokimbia kwao kwa ajili ya dini, yaani kwa lugha ya leo ni wakimbizi. Ansari ni wenyeji waliowapokea. Hakuna majina mazuri zaidi ya hayo katika umma huu. Mbona basi mwito wa majina hayo ukaitwa wa kijahilia?

Ibn Taymiyya ameligusa jambo hili katika kitabu chake Iqtidaa as-Siraat al-Mustaqiim: majina hayo ni ya kisheria na yanapendeza, lakini yalipotumika kumwita kila mtu asimame na watu wake bila kuuliza nani kakosa, yakageuka. Jina halikubadilika, ila kazi yake ilibadilika.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba tatizo ni Simba au Yanga, Silver au Civo. Hata jina la jumuiya yetu hii ya wanafunzi wa Kiislamu linaweza kutumika kijahilia, ikiwa tutalitumia kumtetea mwenzetu aliyedhulumu kwa sababu tu ni mwenzetu.

Na tazameni ile cheche ilifika wapi. Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, aliposikia ugomvi ule wa kisimani alipata mlango. Akasema kwamba wakirudi Madina mwenye nguvu atamtoa mnyonge. Mwenyezi Mungu ameyahifadhi maneno yake katika Sura al-Munafiqun, aya ya 8, na katika aya iliyotangulia ametaja mpango wao wa kuwanyima wageni chakula ili watawanyike. Teke moja, miito miwili, na mara mtu anataka wakimbizi wafukuzwe mjini na posho yao ikatwe!

Nilisoma aya hizo mara nyingi nikiwa madrasa. Sikuwahi kuona kwamba maneno yangu ya Julai 2021, "rudi kwenu", ni tafsiri ya maneno ya Ibn Ubayy. Astaghfirullah. Nilikuwa na juzuu amma kifuani na maneno ya mnafiki mdomoni.

Kuna jambo dogo kuhusu neno "iacheni" ambalo sisi tunaoishi Malawi tunaweza kulikumbuka kwa urahisi. Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, Dzaleka palikuwa gereza, na jina lake linatokana na neno la Kichewa kuleka, yaani kuacha. Wazee hulieleza kuwa ni ahadi ya mfungwa: nitaacha. Tangu nijue hilo, nikipita kwenye kibao cha kambi naisikia hadithi ya Jabir.

Sira ya Ibn Ishaq inaongeza kwamba baada ya tukio lile Mtume (S.A.W.) aliamuru safari saa ambayo hakuwa na desturi ya kusafiri, akawatembeza watu siku nzima na usiku wake mpaka asubuhi, hadi walipoteremka wakalala kwa uchovu, ili wasipate nafasi ya kulizungumza. Hakuongeza mjadala juu ya mjadala. Aliwapa kazi. Viongozi wetu wa bwenini walichukue hilo.

Abu Dharr na neno moja

Miaka mitatu nilijiambia kwamba yaliyotokea yalikuwa hasira za mpira, na kwamba muda utayafuta. Nilikuwa nimehamia Lilongwe kusoma. Nilipokuwa nikirudi kambini likizo tulikutana msikitini. Tulisimama bega kwa bega tukasoma Amin pamoja, kisha kila mmoja akatokea mlango wake. Sote tulijua hadithi ya Abu Ayyub (R.A.) kwamba si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu akageuka na huyu akageuka, na mbora wao ni anayeanza salamu. Tuliijua kwa Kiarabu na kwa Kiswahili.

Kilichonitikisa ni somo la kawaida la darasani, Kitabu cha Imani katika Bukhari. Abu Dharr (R.A.) alionekana Rabadha akiwa amevaa vazi la aina moja na mtumishi wake. Aliulizwa sababu. Akasimulia kwamba aliwahi kutukanana na mtu, akamwaibisha kwa mama yake. Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba yeye ni mtu ambaye ndani yake mna ujahilia, kisha akamfundisha kwamba watumishi ni ndugu, walishwe kile anachokula bwana wao na wavishwe kile anachokivaa.

Mapokezi ya Bukhari hayakutaja jina la mtu aliyetukanwa, ingawa wafafanuzi wengi husema ni Bilal (R.A.). Jambo la kuzingatia ni lingine. Abu Dharr ni katika waliosilimu mwanzo kabisa. Hakuambiwa kwamba si Muislamu. Aliambiwa kwamba ndani yake kimebaki kipande cha ujahilia. Na yeye hakujitetea kwa kusema "nilikuwa na hasira." Alitengeneza maisha yake upya kwa neno lile moja, hata mavazi yake yakawa ushahidi. Sisi tunavaa jezi moja na wenzetu ili tuwapinge wengine. Abu Dharr alivaa vazi moja na yule ambaye dunia ilimweka chini yake.

Usiku ule nilipiga simu.

Kulirudisha neno

Nilimwomba msamaha rafiki yangu kwa simu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema ya mpira alishanisamehe siku ile ile, kwani hata yeye alikuwa amenichokoza wiki tatu. "Lakini lile jingine," akasema, "hukuniambia mimi peke yangu. Uliliambia kibanda kizima, na mdogo wangu alikuwepo. Usiku ule aliniuliza: kaka, kwetu ni wapi? Nikakosa la kumjibu. Mimi nimekusamehe. Neno lile lirudishe mbele ya uliowasikilizisha."

Ndugu zangu, hivi ndivyo wanavyosema wanavyuoni wetu. Toba ina masharti matatu yanayojulikana: kuacha kosa, kujuta, na kuazimia kutorudia. Kosa likihusu haki ya mja, linaongezeka sharti la nne, kuirudisha haki kwa mwenyewe au kumwomba aihalalishe. Mali huirudisha mkononi. Heshima uliyoivunja hadharani huirudishaje kwa simu ya siri?

Jumamosi nikapanda minibasi. Kibanda kile hakipo tena. Sasa ni duka la kutengeneza simu. Wengi waliokuwemo wametawanyika, wengine wamehamishiwa nchi za mbali. Kwa hiyo nilikwenda madrasa, mahali ambapo mdogo wake anasoma, na ambapo vijana wengi wa kibanda kile walikuwa bado wanakutana baada ya Alasiri. Ustadhi akaniruhusu. Nilisimama nikataja kosa langu bila kulipamba: siku gani, neno gani, kwa nani. Nikasema kwamba neno lile lilikuwa la uongo na la dhuluma, na kwamba wao wote hapo ni watu wa kwetu.

Yule mdogo alikuwa na miaka kumi na miwili. Nilidhani atakuwa amesahau. Akauliza tu: "Kwa hiyo kwetu ni wapi?"

Nilimwambia nilichoweza: kwamba masahaba wa Makka walipofika Madina nao hawakuwa na nyumba, na Mtume akamfanya kila mmoja wao kuwa ndugu wa mwenyeji mmoja, na kwamba kwake ni pale anapotendewa udugu. Akaitikia kwa kichwa. Sijui kama jibu lilimtosha. Mimi halijanitosha bado.

Rafiki yangu alinisindikiza hadi kituoni. Alinipa mkono, akanitolea salamu yeye kwanza, akanishinda hata katika hilo. Kisha akasema kwa ukweli wake: "Kutazama mpira na wewe bado. Tuache kwanza." Nikamwambia nimekubali. Kusamehewa ni haki niliyoomba nikapewa. Kuaminiwa tena ni jambo la siku nyingi.

Mambo ya kushika

Jibu la swali la ndugu yetu, basi, ni hili: kushabikia timu si haramu katika asili yake, lakini ni mlango, na ndani ya mlango huo kuna vyumba vya haramu. Nitavitaja kwa ufupi.

1. Swala. Mechi nyingi za ukanda wetu huchezwa alasiri. Malawi tuko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, hivyo mechi ya jioni kwao hutukuta sisi Alasiri. Mapumziko ni dakika 15, na Alasiri ni rakaa nne. Hakuna kisingizio.

2. Kamari. Sura al-Maida, aya za 90 na 91, zimeiharamisha, na zimeeleza sababu: shetani hutia kwayo uadui na chuki, na huzuia watu na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na swala. Ni sababu zile zile tulizoziona kibandani, zikiongezewa pesa. Hadithi ya Abu Daud na Tirmidhi imeruhusu zawadi za mashindano katika ngamia, farasi na mishale, na mafakihi wakajadili yanayofanana nayo, lakini tiketi ya kubashiri matokeo kwa simu haimo katika hayo. Ada ya chuo isiingie humo hata kwacha moja.

3. Majina ya kejeli. Sura al-Hujurat, aya ya 11, inawakataza watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda hao wakawa bora kuliko wao. Utani wa mpira uishie kwenye mpira. Ukigusa kabila, nchi, rangi, mama wa mtu au hali yake, umeshatoka uwanjani.

4. Kufukua ya zamani. Aws na Khazraj walikuwa wameshapatana katika Uislamu, lakini Ibn Ishaq anasimulia kwamba mtu mmoja aliwatuma wakasomewa mashairi ya vita vya Buath, na papo hapo wakaanza kuitana kwenye silaha. Mashabiki nasi tuna Buath zetu: wa Simba anakumbusha 6-0 ya 1977, wa Yanga anakumbusha 5-1 ya Novemba 2023. Kukumbuka si dhambi. Kuchagua kukumbusha pale unapojua kidonda kiko wazi ndilo tatizo.

5. Kujua kimo cha jambo. Anas (R.A.) amesimulia katika Bukhari kwamba ngamia wa Mtume, al-Adbaa, alikuwa hashindwi mbio, mpaka bedui mmoja akaja na ngamia wake kijana akampita. Waislamu wakaona uzito. Mtume akawaambia kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kitu cha dunia kinachoinuka ila hukiteremsha. Ikiwa ngamia wa Mtume alishindwa, timu yako ni nani? Na kumbukeni: Saido, ambaye kwa ajili yake rafiki yangu alikuwa Yanga, baadaye alicheza Simba. Chama, tuliyempenda sisi wa Simba, akaenda Yanga mwaka 2024. Wachezaji walibadilisha jezi wakapeana mikono. Sisi ndio tuliobaki na chuki.

Maswali ya darsa ijayo

1. Katika hadithi ya wapiga mishale, kwa nini Mtume (S.A.W.) hakuwalaumu waliosimamisha mikono?
2. Taja jina moja zuri tunalolitumia hapa chuoni ambalo wakati mwingine hugeuka kuwa mwito wa kijahilia. Hugeuka lini?
3. Je, kuna neno ulilolisema mbele ya watu, ukaliombea msamaha faraghani? Nani bado analisubiri lirudi?

Swali la tatu si la kujibu kwa sauti. Lakini wale ndugu zetu wawili wa bwenini, ambao sitawataja, wanajua siku ya tatu imeshapita.

Ee Mola wetu, tusamehe sisi na ndugu zetu waliotutangulia katika imani, wala usijaalie mioyoni mwetu chuki kwa walioamini. Utuondolee mabaki ya ujahilia vifuani mwetu, na uwape makazi mema wote wasio na kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.